Mpishi wa Nzi na Madonge ya Ubongo

Ukimuuliza Sarvamangala anafanya kazi gani, atakuambia bila kupepesa macho kwamba anawapikia nzi. Ukicheka, atakuuliza wewe unampikia nani. Ukisema unampikia mume, atakupa pole. "Wangu mimi ni elfu kumi kila siku," atasema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mama yake anapika vizuri zaidi."

Mimi naitwa Kempanna, mwosha vichupa wa maabara hiyohiyo, hapa Mysuru. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Yeye anapika, nzi wanakula, wanafunzi wanawachungulia kwa hadubini hadi wanapata digrii, kisha vichupa vichafu vinarudi kwangu. Mimi ndiye mkia wa sayansi. Lakini haya nitakayosimulia niliyaona yote kwa macho yangu, tena mkono wangu umo ndani, kama mtakavyosikia.

Aliingia pale kama mfagiaji. Siku hizo chakula cha nzi kilipikwa na bwana mmoja aliyesoma vipimo kwenye karatasi, akatoa uji wenye madonge kama kokoto, na nzi wakawa wananasa humo na kufa. Asubuhi moja Mangala, ndivyo tunavyomwita, aliuweka ufagio chini, akamnyang'anya yule bwana mwiko. "Baba, unga haumwagwi wote kwa mpigo! Unanyunyiza kwa mkono huu, unakoroga kwa mkono huu. Wewe nani alikulea?" Profesa Subbakrishna alikuwa amesimama mlangoni. Akaja, akaonja. Naam, alionja: ni unga wa mahindi, sukari guru, hamira na unga wa mwani wa kugandishia, na si kibaya kabla hakijatiwa dawa ya kuzuia ukungu. Akalamba midomo, akasema tangu leo jiko hili ni lako. Mangala aliporudi nyumbani kutangaza cheo, mama mkwe wake alilia siku mbili. Mkaza mwanangu anawapikia nzi! Baadaye alizoea, hata akawa analeta sukari guru kutoka kijijini kwao, huku akisisitiza kwamba ni ya nzi, profesa asiiguse.

Mumewe, Basavalinga, ni msuka mashada ya maua. Ukisema "alikuwa" anakasirika, kwa hiyo nasema ni. Sokoni hapakuwa na mtu wa kufunga asumini haraka kama yeye. Alifunga huku anapiga soga, huku amegeuka nyuma kumtania mwenye ndizi, na vidole vikijiendea vyenyewe kwenye uzi wa mgomba. Miaka minne iliyopita kidole gumba cha kulia kilianza kutetemeka. Kisha mkono mzima. Kisha hatua zikawa fupifupi na uso ukakakamaa, ila ulimi haukukakamaa hata kidogo. "Kempa," huniambia, "mkono wangu unapiga ngoma na harusi haipo. Nitafutie bibi harusi basi." Vidonge vya daktari humtuliza saa chache, halafu ngoma inaanza upya. Uzi wake wa mgomba aliutundika msumarini na hakuugusa tena.

Madaktari walimweleza Mangala habari za mishipa na neva, wakamwonyesha picha nyeusi na nyeupe. Mama mkwe alisema ni kijicho cha watu wa sokoni. Mangala aliitikia wote na hakuelewa yeyote, mpaka alipokuja Dechamma.

Dechamma ni binti wa milima ya Kodagu, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza alikuja jikoni kuomba chakula maalumu, akakaa juu ya gunia la unga, akaulizwa anachunguza nini.

"Kuna protini moja ndogo ndani ya ubongo, Mama Mangala."

"Jina lake?"

"Alfa-sinukleini."

"Mh! Refu kuliko la Profesa. Haya, imefanya kosa gani?"

"Kwa kawaida haina neno na mtu. Inaelea zake ndani ya seli, inafanya kazi zake. Lakini kuna siku inakunjika vibaya. Ikikunjika vibaya inamshika jirani yake, naye anakunjika vibaya, anamshika mwingine, na mwingine..."

Mangala aliacha kukoroga. Sikuwa nimewahi kumwona akiacha kukoroga sufuria ikiwa motoni.

"Inafanya madonge," alisema.

"Ee! Madonge hasa! Na zile seli zinazoendesha mikono na miguu zinakufa kidogo kidogo. Mtu anaanza kutetemeka."

"Kwa hiyo kichwani mwa mume wangu kuna uji uliokorogwa vibaya?"

Dechamma alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye nitakayemwokoa. Kisha akasema kwa upole, "Kwa kusema hivyo, ndiyo, Mama."

Nilidhani atalia. Badala yake alitupa kichwa nyuma akacheka, akapiga ukingo wa sufuria kwa mwiko, tena na tena. Miaka minne amekuwa akipigana na kitu asichokijua sura, na leo ameambiwa sura yake. "Madonge! Madonge nayajua mimi! Madonge ni adui yangu tangu utotoni! Sasa sikiliza, binti. Donge likishaganda hulitoi kwa kulipigia kelele. Ama unachekecha, ama unazuia kabla."

"Mama," alisema Dechamma, "hayo ndiyo ninayoandika kwa kurasa mia mbili."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dechamma alikuwa na nzi wa matunda waliotiwa ile protini ya binadamu, nayo ikawafanyia madonge vichwani. Nzi mzima ukigonga kichupa anaanguka chini, kisha anapanda ukuta wa kioo mbio, maana ndivyo alivyoumbwa. Nzi mgonjwa anajaribu, anateleza, anaanguka, anajaribu. Unahesabu sekunde kumi, unaangalia kati ya nzi kumi wangapi wamevuka mstari. Wagonjwa walivuka wawili, siku nyingine mmoja. Dawa ya Dechamma ilikuwa maji ya mzizi wa mmea mmoja mtambaazi wa msituni kwao, yanachanganywa kwenye chakula kwa siku ishirini. Trei moja ilikuwa ya wagonjwa wanaopewa dawa, trei ya pili ya wagonjwa wasiopewa, na kwenye rafu palikuwa na vichupa vya nzi wazima, wa kuzalishia tu.

Tangu siku ile Mangala hakumruhusu mtu mwingine kupika sufuria ya dawa. Na akiwagawia, alikuwa akisema nao. "Kula, Basava. Na wewe kula, Basava. Usimpokonye mwenzako." Wote wa trei ile aliwaita Basava. Nilimwambia akisikia mumewe kwamba ana majina mia moja ya nzi atadai talaka. Akasema ameshamwambia, na mumewe ameuliza kama kuna hata mmoja mwenye sharubu.

Ikafika sikukuu ya Dasara. Dechamma alikwenda kwao kwa siku nne, akamwachia Mangala nzi wake wote, na vipimo vya mwisho vikapangwa Jumatatu atakaporudi. Alhamisi tukafanya puja, ibada ya kuzibariki zana. Kila mtu anakiosha kinachompa riziki, anakipaka sandali na unga mwekundu wa kumkum, anakivisha maua. Dereva aliivika jipu shada na kuweka ndimu chini ya magurudumu. Profesa aliivika hadubini yake hadi ikaonekana kama bwana harusi. Mimi nilipamba karo langu na brashi zangu tatu. Mangala alipamba sufuria, mwiko na mtungi wa gesi, kisha akasimama mikono kiunoni.

"Na wao?"

"Wao nani, dada?"

"Wafanyakazi wenyewe! Hadubini inafanya nini, Kempa? Inakodoa macho tu. Mwiko unafanya nini? Unazunguka. Anayefia kazi hapa ni nani?"

Trei ya wasiopewa dawa ilikuwa imefungiwa chumba kingine, kwa hiyo tulileta vichupa kumi vya dawa, na vichupa kumi vya wazima ili wasione wivu. Tukavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa na spiriti, maana nani anapaka kumkum juu ya uchafu? Tukavipanga kuizunguka picha ya mungu wetu mama Chamundi. Kila kichupa kikapata nukta yake nyekundu. Tukapasua boga jeupe mlangoni, tukagawana bisi za mchele na dengu za kukaanga, na Mangala akawaambia nzi kwamba leo ni siku yao. Tulisifu sana jinsi kioo kilivyong'aa. Hakuna aliyewaza kwamba pamoja na vumbi tumefuta na herufi alizoandika Dechamma kwenye kila kichupa ili kuvitofautisha.

Baada ya kafuri kuzimika Mangala alivirudisha. "Hivi vya dawa, hivi vya wazima," alisema, bila kusita hata kidogo. Na Ijumaa hadi Jumapili, alipokuwa akiwahamishia kwenye chakula kipya, mimi ndiye niliyeandika herufi kwenye vichupa vipya, nikizinakili kutoka kwenye kadi ya trei, kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa karoni, mikono imejaa povu, niliposikia ukelele. Dechamma alipiga ukelele uliowatoa njiwa paani. Nilikimbia na povu langu.

"Tisa! Tisa kati ya kumi!"

"Gonga tena!" Mangala alikuwa amemshika bega.

Akagonga. Nzi walianguka, wakajikung'uta, wakapanda kama watu wanaowahi filamu. Tisa tena. Kichupa cha pili, kumi. Cha tatu, tisa. Kufikia cha tano tulikuwa watu kumi na wawili mezani, tunahesabu kwa sauti moja, na dereva amempandisha mlinzi kwenye stuli ili naye aone. Profesa alikuja mbio na ndala moja. Alitazama, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akatazama tena, kisha akaikumbatia nguzo ya ukumbi. Nguzo, jamani! Mtu mwenye vitabu vitatu!

"Basava anapanda!" Mangala alikuwa akizunguka, na Dechamma akizunguka naye, na mkia wa sari ulipita juu ya meza ukaangusha bakuli la pamba. "Wote akina Basava wanapanda!"

Mtu alikwenda kununua peremende za samli, Mysore pak, mtu mwingine akaenda kununua hiyohiyo, tukawa na masanduku sita. Nililewa, ingawa sikunywa kitu. Profesa alipiga simu Bengaluru, akaalika wakubwa watatu wa sayansi waje kesho saa tano. Katikati ya kelele Dechamma alimshika Mangala mikono yote miwili na kusema, "Lakini Mama, kutoka nzi hadi mtu ni safari. Miaka kumi. Pengine hatufiki." Alisema kweli, na aliisema huku anarukaruka, kwa hiyo hakuna aliyemsikia, hata yeye mwenyewe.

Jioni Mangala aliingia kwake hata viatu hajavua, mimi nyuma yake. "Madonge yameyeyuka!"

Basavalinga alikuwa kitini. Alimsikiliza hadi mwisho bila utani wowote, jambo ambalo lilinitisha. Kisha akainuka, akavuta hatua zake fupifupi hadi ukutani, akautungua uzi wa mgomba kutoka msumarini.

"Kempa, kesho asubuhi niletee kilo moja ya asumini. Ichanue nusu tu, si ile ya kuzeeka wanayokuuzia wewe."

"Ya nini, kaka?"

"Nawavika shada nzi."

"Nzi ana shingo?"

"Shingo yangu inatosha kwa wote. Si wana jina langu?" Akaitazama chupa ya vidonge dirishani. "Na hawa nao waende likizo. Kazi yao imekwisha."

Mangala alimpiga kikofi mkononi. "Likizo yao nitaisaini mimi!" Lakini alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa yamelowa. Basavalinga naye alicheka, uso wake uliokakamaa ukafunguka upande mmoja. Sikuwa nimeuona ukifunguka tangu mwaka juzi.

Jumanne nilimpelekea asumini alfajiri, nikaenda kazini. Mangala alikuwa ameshafika, sufuria ipo motoni, na yeye yuko dirishani na kichupa kimoja cha dawa amekiinua kwenye mwanga. Alikuja kuwasalimia akina Basava. Alikuwa anatabasamu, kisha akaacha kutabasamu.

"Kempa. Njoo. Macho ya hawa ni rangi gani?"

"Dada, nzi ana macho ya ukubwa wa kichwa cha sindano."

"Miaka kumi na tisa nawatazama. Rangi gani?"

Nilitazama. "Mekundu."

"Wagonjwa wa Dechamma wana macho ya chungwa. Wote. Ndivyo walivyotengenezwa, wajulikane. Wenye macho mekundu ni wazima."

Alikwenda kwenye rafu ya wazima, akachukua kichupa, akakigonga. Nzi walianguka. Wawili watatu wakapanda. Wengine waliteleza, wakaanguka, wakajaribu. Hakuhitaji hata kuwapeleka dirishani, lakini aliwapeleka. Macho ya chungwa matupu.

Tulielewa wote wawili kwa mara moja. Kitambaa, spiriti, kumkum, hivi vya dawa, hivi vya wazima. Waliopanda jana hawakuwahi kuugua. Na herufi nzuri zilizomdanganya Dechamma ni za mwandiko wangu.

Sasa niseme ukweli wangu, maana lila na fila havitangamani. Nilifunga mlango, nikasema, "Nyamaza, dada."

"Nini?"

"Nyamaza. Tunavirudisha mahali pake sasa hivi. Wakubwa wanakuja, wanakula peremende, wanaondoka. Mwezi ujao Dechamma anarudia, nzi hawapandi, anasema dawa ilikuwa mbovu. Sayansi kila siku inasema hivyo! Hakuna anayejua. Shemeji anafurahi mwezi mzima."

Nilikuwa naogopa kazi yangu, na nilikuwa namwonea huruma yeye, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Alirudi kwenye sufuria, akachota unga, akaanza kunyunyiza kwa mkono huu na kukoroga kwa mkono huu. Nilimwona akitazama ukuta. Mkono wa unga ukauachia unga wote kwa mpigo. Alipoutoa mwiko, ulitoka na donge la ukubwa wa limau, na nyuma yake mengine. Tangu nimjue, sijaona donge katika sufuria ile.

Alizima gesi.

"Basi atafurahi mwezi mzima," alisema, "na siku ya pili tu atavitupa vidonge. Namjua. Halafu mwezi ukiisha, nani atamwambia? Wewe?"

Niliegemea mlango.

"Na huyu mtoto wa watu aandike kurasa mia mbili juu ya uongo wangu?" Akajifuta mikono kwenye sari, jambo ambalo huwa anawakataza wengine. "Nipishe mlangoni, Kempa."

Tuliwakuta chumba cha mikutano. Profesa alikuwa amevaa kilemba cha hariri chenye ukingo wa dhahabu, kile cha sherehe, na Dechamma alikuwa anapanga viti. Mangala aliweka vichupa viwili mezani, kimoja cha macho mekundu na kimoja cha macho ya chungwa, na mwiko katikati.

"Niliwafanyia puja," alisema. "Nikafuta herufi. Nikawachanganya. Waliopanda jana ni wazima, na wagonjwa wenu wako kwenye rafu. Mwiko huu hapa, mpeni mwingine."

"Na herufi za uongo niliandika mimi," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Profesa alifungua mdomo. Kilemba kilimshuka hadi kwenye nyusi. "Uliwa... fanyia... puja? Nzi?"

"Profesa, wewe hukuifanyia hadubini?"

Akafunga mdomo.

Dechamma alikaa. Sauti yake yote kubwa ilikuwa imekwisha, akabaki anakizungusha kile kichupa vidoleni. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati. Ilinichoma moyo. Mangala alisimama wima kama mshitakiwa.

Kisha Dechamma aliinua kichwa. "Mama. Hawa wa rafuni. Walikula dawa siku kumi na saba kabla hujawachanganya?"

"Walikula. Kwa mkono wangu."

"Na mimi sijawapima." Akasimama, kiti kikaanguka. "Hakuna mtu duniani aliyewapima! Jana tumepima wengine!"

Ni wakati huohuo wakubwa wa Bengaluru walipoingia mlangoni, watatu, wamevaa soksi zinazofanana. Profesa aliwatazama, akautazama mwiko, akatutazama sisi. Akakivua kilemba. "Mabwana," alisema, "tumekuiteni kwa makosa. Lakini mkishika kila mmoja saa yake, mtatusaidia kuhesabu."

Tulihesabu. Kumi kwa kumi, vichupa vyote, mbele ya wakubwa wenye soksi. Kelele za jana hazikuwepo, ila kila nzi aliyekaribia mstari alisikia watu kumi na watano wakivuta pumzi. Mkubwa mmoja, mzee mwenye kitambi, alijisahau akasema, "Panda, baba, panda!" Mangala akamwambia anaitwa Basava. Tangu hapo mzee yule akawa anamwita kwa jina.

Wasiopewa dawa walipanda wawili kati ya kumi. Waliopewa, watatu.

Dechamma alikokotoa mara mbili. "Watatu na nukta. Dhidi ya wawili."

"Inaweza kuwa bahati tu," alisema Profesa.

"Inaweza," alisema Dechamma. "Nitarudia. Mara mia nitarudia." Na sauti ilikuwa imeanza kurudi, njiwa wa paani wakasogea. Wakubwa walikula Mysore pak iliyobaki wakaondoka wakiendelea kuhesabu kwa vidole. Mangala aliusukuma mwiko kwa Profesa. Profesa aliurudisha kwake. "Mwakani," alisema, "kumkum unapaka kwenye kizibo cha pamba. Kioo usikiguse. Na Kempanna asishike kalamu mpaka kiama."

Saa kumi jioni tulitembea nyumbani, mimi nikiwa nyuma yake kidogo. Pale kwenye pampu ya maji alisimama.

"Tisa nilimpa," alisema. "Sasa namnyang'anya. Nitaanzaje?"



Basavalinga alikuwa sakafuni, maua yamemzunguka, nusu yake yamepondeka. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Mapajani mwake kulikuwa na shada la urefu wa mkono mmoja, limepinda, mafundo mengine makubwa, mengine yameachia, kazi ambayo zamani ilimchukua muda wa kumeza mate. Vidonge vilikuwa bado dirishani. Mangala alikwenda akavitazama kwanza, akavihesabu kwa macho, ndipo akaketi mbele yake na kumwambia yote bila kuruka kitu: kitambaa, macho mekundu, mwiko mezani.

Alimsikiliza. Mkono ulikuwa unapiga ngoma yake juu ya goti.

"Kwa hiyo wamepanda wangapi? Wale wangu hasa."

"Watatu."

"Na wasiokula dawa?"

"Wawili."

"Basi kuna mmoja."

"Mmoja. Na Profesa anasema huenda ni bahati tu."

"Profesa aliikumbatia nguzo, ameniambia Kempa. Simsikilizi." Akaokota ua moja sakafuni. "Huyo mmoja anaitwaje?"

Mangala alifunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mpaka alipoondoa mikono ndipo nilipojua kwamba anacheka na kulia pamoja.

"Basava," alisema.

Basavalinga aliliinua lile shada lililopinda kwa mikono yote miwili, likitetemeka kama lina uhai. "Mpelekee basi. Mwambie yeye amevuka mstari, mimi nimefika hapa."

Asubuhi yake nililikuta shingoni mwa sufuria. Mangala alikuwa ananyunyiza unga kwa mkono huu na kukoroga kwa mkono huu, na Dechamma amekaa juu ya gunia anaandika herufi kwenye vichupa mia, kwa mkono wake mwenyewe. Nilipoinama kuuchungulia uji, Mangala alinipiga kwa kiwiko akaniambia niondoe kichwa changu, hauna donge hata moja.